Nani Alipeleka Picha ya Mwesiga Nshamba?

Mara ya mwisho niliwaacha nimeganda mlangoni mwa studio ya picha pale Nshamba. Macho yangu yalikuwa kwenye fremu nyeusi yenye msalaba juu na maneno "Pumzika kwa Amani" chini. Katikati alikuwa mwanangu.

Wewe uliyenikuta njiani leo, sogea nikupe habari upesi. Naitwa Renatha, nakaa Ijuganyondo, Bukoba, na mume wangu Dastan. Mtoto wetu wa kwanza, Mwesiga, alikuwa anafanya biashara ya dagaa visiwani huko Muleba. Mtumbwi uliokuwa unamleta nchi kavu ulipinduka. Ziliopolewa maiti mbili. Kijana mmoja Msukuma, jina lake Mayenga, aliopolewa akiwa hai. Mwesiga hakuonekana, si mzima si maiti.

Tulingoja. Ziwa halikurudisha kitu.

Hapo ukoo ukasema tuzike mgomba. Kwetu mtu akipotea majini asipatikane, unakatwa mgomba, unavikwa nguo zake, unalazwa kwenye jeneza na kuzikwa kibanjani, kwenye migomba ya nyumbani, kana kwamba ni yeye. Ukishazikwa, mambo yamekwisha. Hakuna kumtafuta tena, hakuna kumuulizia. Hata akija kwa miguu yake, kwa ukoo yule ni mtu aliyezikwa.

Nilikataa. Nilisimama mbele ya wazee nikasema mimi sikuzaa mgomba.

Siku hizi hakuna msiba unaotembea bila picha mbele ya jeneza, na shemeji yangu mkubwa, Clavery, anaogopa maneno ya watu kuliko dhambi. Kwake mazishi bila picha ni aibu ya ukoo mzima. Basi nikapita nyumba kwa nyumba kukusanya picha za Mwesiga. Ya kwangu niliibandua sebuleni nikaifungia sandukuni. Ya Clavery niliibandua akiwa kanisani. Ya mama mkwe wangu, Ma Alistidia, nilikuwa nayo kwenye kipochi siku hiyo hiyo, natoka nayo Ijumbi, kijijini kwa ukoo wa Dastan. Nilijiambia: hawana picha, hawana mazishi.

Kumbe picha ilikuwa imenitangulia Nshamba.

"Karibu, mama," alisema mwenye studio, kijana anayeitwa Anwari. "Passport, au kusafisha za kwenye simu?"

"Hii nani kaleta?"

"Mteja."

"Mteja ana jina."

"Mama, wateja wa misiba huwa siwaulizi majina. Wanaingia na machozi, nawauliza ukubwa wa fremu tu."

"Huyu ni mwanangu."

Aliteremka kwenye stuli yake, akavua kofia. "Pole sana, mama. Mungu amlaze mahali pema..."

"Usimlaze. Hajafa."

Anwari akaitazama fremu, akanitazama mimi, akavaa kofia yake tena.

Niliisogelea ile picha. Alikuwa Mwesiga yule yule wa picha zangu zote, shati jeupe, kichwa kimeinama kidogo upande. Lakini alikuwa wa bluu. Midomo ya bluu, mashavu ya bluu, kama mtu aliyetolewa kwenye jokofu la hospitali.

"Na hii rangi? Mwanangu ni mweusi wa kawaida. Mmempaka nini?"

"Mama, mashine yangu haijakosea. Picha ili..."

"Mashine zenu hazikosei kamwe. Wanaokosea ni wateja, wamezaliwa na rangi isiyotakiwa."

Nilimkata maneno. Laiti ningemwacha amalize, ningeokoa nusu ya siku, na pengine zaidi ya nusu ya siku.

Lakini nawajua watu wa studio. Mmoja wa Bukoba mjini alimpaka Ma Alistidia weupe mpaka wajukuu wakauliza huyu sista Mzungu ni nani. Mwingine alitundika picha ya kipaimara ya binti yangu Gaudensia dirishani kama tangazo, bila kuniomba, waendesha bodaboda wakawa wanamsalimia kama ndugu yao. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikamwambia Dastan kwamba picha za familia hii hazitoki tena nje ya mlango huu. Nina stashahada ya uhazili, mashine za ofisi nazijua tangu ujana. Nikanunua printa, nikanunua karatasi za kung'aa, nikawa nasafisha picha zetu mwenyewe kwenye meza ya chakula.

Dastan alilalamika. Alisema ile mashine inakunywa wino kuliko wanaume wa Ijumbi wanavyokunywa rubisi. Nilimwambia heri mashine mlevi ndani ya nyumba kuliko sura za watoto wangu mikononi mwa watu nisiowajua.

Na sasa sura yenyewe ilikuwa hapa, Nshamba, kwenye msumari wa mtu nisiyemjua.

"Aliyeleta ni mwanamume au mwanamke?"

"Mwanamume."

"Mzee au kijana?"

"Alikuwa na koti la mvua, kajifunika kofia yake. Kofia haina umri, mama."

"Hakusema kitu?"

"Alisema ni ya kupeleka Ijumbi, kwenye mazishi ya Jumamosi. Anapita leo jioni kuichukua kabla sijafunga."

Ijumbi. Anayezika Ijumbi alikuwa mmoja tu, na niliujua mlango wake.

"Nipe niondoke nayo."

"Siwezi, mama. Fremu ni ya aliyeagiza." Akanitazama kwa huruma. "Ila ukitaka naweza kukutolea nyingine kama hiyo."

Hakuwa anatania. Alikuwa ananiuzia.

Nilipanda bodaboda nikarudi Ijumbi nilikotoka.

Nilimkuta Ta Clavery nyuma ya nyumba, kibanjani, na panga mkononi. Alikuwa anauzunguka mgomba mmoja, anaupima kwa macho juu na chini. Kitambaa cheupe kilikuwa kimefungwa kwenye shina lake.

Nilielewa. Ni huo.

Kimo chake kilikuwa kimo cha Mwesiga. Alikuwa amechagua vizuri.

"Wasibota, mke wetu," alinisalimia. "Umesahau nini tena? Ukutani kwa mama hakuna kilichobaki cha kubandua."

"Ta Clavery, umekwenda Nshamba kufanya nini?"

"Sijafika Nshamba tangu mvua hizi zianze. Magoti yananiuma."

"Kuna fremu ya Mwesiga studio. Imeagizwa kuja hapa."

Panga likasimama. Nilikuwa nimejiandaa kuona uso wa mtu aliyekamatwa. Niliona uso wa mtu aliyepewa zawadi.

"Waitu," alisema taratibu, "kumbe picha ipo?"

"Usinichezee. Uliipiga kwa simu kabla sijaibandua kwako."

Akatoa simu mfukoni, ya vitufe, imefungwa kwa mpira ili betri isianguke. "Kwa hii? Hii haijawahi kupiga picha hata ya mbuzi. Mke wetu, ningekuwa na picha ningekuwa nimeshazika, tena kwa kwaya mbili. Nakaa hapa nalaumiwa kwa sababu yako. Kila anayekuja kutoa pole namwambia tumekwama, hata Jumamosi hii itapita, mama yake ameficha picha. Hata yule Msukuma aliyeponea ziwani nilimwambia."

"Na shamba? Ulilima upande wa Mwesiga wiki iliyopita, nimeona."

"Nilipalilia. Au ulitaka magugu yameze kibanja cha baba kwa heshima yako?" Akachomeka panga ardhini. "Najua unavyonisema Bukoba nzima. Clavery anataka ardhi, Clavery ana haraka. Sasa nikwambie kitu ambacho sijamwambia hata mdogo wangu Dastan. Mama halali. Anasikia mtu anakohoa nyuma ya jiko."

"Wezi wa ndizi."

"Anasema ni kikohozi cha Mwesiga."

Niligeuka. Ma Alistidia alikuwa amekaa mlangoni mwa jiko, anamenya ndizi, kichwa chini. Sikujua kama anatusikia.

"Ni kweli, mama?" nilimuuliza.

"Ni yeye," alisema bila kuinua kichwa. "Anakohoa, nikiita jina lake anaondoka. Amechoka kuzunguka, mwanangu. Mpeni nyumba yake."

Nilisema tu kitu cha kusema. "Hata picha yenyewe wameiharibu. Wamemfanya wa bluu."

Kisu kikasimama kwenye ndizi.

"Ya bluu?" alisema Ma Alistidia. "Ya bluu si ndiyo ile yake mwenyewe. Alinionyesha hapa hapa. Akaniambia, bibi, yako wewe ina damu, yangu mimi ni ya mtu wa majini. Nikamkemea asitanie namna hiyo."

Nilifungua kipochi nikatoa picha niliyoibandua ukutani kwake. Mwesiga wangu, mweusi, mashavu yenye afya. Nikakumbuka.

Siku ile nilikuwa natoa picha zake mezani, moja baada ya nyingine, na ya mwisho wino mwekundu ukaniishia. Ikatoka ya bluu. Nilitaka kuichana. Mwesiga akaninyang'anya huku anacheka. "Niachie huyu, mama. Wote mmejichukulia Mwesiga mzuri, acha mimi nibaki na huyu aliyekataliwa." Akaikunja katikati, akaitia kwenye pochi, na pochi akaitia mfuko wa shati. Haikuwahi kukaa mahali pengine. Aliitoa kuwachekesha watu, akairudisha.

Basi Anwari hakukosea rangi. Kosa la rangi lilikuwa langu, la mezani kwangu. Na aliyempelekea picha alikuwa ameitoa mfukoni mwa mwanangu.

"Mtu anawezaje kutoa kitu mfukoni mwa aliyezama?" Nilidhani nawaza, kumbe nimesema.

Ta Clavery akajibu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na kejeli. "Amemwopoa. Akampekua. Akamrudisha majini."

Ma Alistidia akajifanya ishara ya msalaba na kisu kikiwa mkononi.

Mwenye bodaboda alikuwa bado yuko barabarani. Nilimwambia Nshamba, na nikamwambia asinisemeshe.

"Nipe picha aliyoleta," nilimwambia Anwari. "Fremu iache. Nataka ile aliyoileta mkononi."

"Mama, nilitaka kukwambia tangu mwanzo, ilikuja hivyo hivyo ya bluu, ukanika..."

"Nilikukata, ndiyo. Nipe."

Akaitoa kwenye droo. Alama ya mkunjo ilipita kidevuni. Pembe zilikuwa zimelika kwa kukaa kwenye pochi. Ilinuka dagaa. Mengine yote yalikuwa safi: macho, shati, hata kifungo cha juu kilichokosewa tundu.

Safi kupita kiasi.

Picha ya studio unaweza kuidondosha kwenye beseni, ukaifuta kwa kitambaa, ukaitundika tena. Ya printa yangu haiwezi. Bati letu lilipovuja, maji yaliingia kwenye boksi la picha nilizotoa mwenyewe, na Dastan alipoziinua sura zetu zilitiririka mpaka kwenye viwiko vyake. Tulibaki na karatasi nyeupe. Ndilo jambo pekee ambalo sikuwahi kumkubalia mtu kwamba studio wananishinda.

Nikalowesha kidole kwa mate, nikasugua pembe ya picha. Kidole kikatoka na bluu.

Ilikuwa ya kwangu. Na haikuwahi kuguswa na maji hata tone.

Pochi haikuzama. Na kama pochi haikuzama, shati halikuzama. Na kama shati halikuzama...

Nilimpigia Dastan nikiwa bado nimesimama.

"Kaa chini," nilimwambia.

"Nimekaa tangu mwezi uliopita, Mama Mwesiga. Sema."

"Mwesiga hakuzama. Picha yake ya mfukoni ninayo hapa mkononi. Ni kavu."

Dastan si mtu wa kurukia mambo. "Pengine aliiacha kambini, kisiwani."

"Pochi ilikuwa naye. Mayenga mwenyewe alituambia, alimwona akiitoa ili alipe nauli ya mtumbwi. Picha ilikuwa ndani ya pochi. Wino wangu unaujua wewe, uliubeba mpaka viwikoni. Ungepita mwezi ziwani ukabaki na sura?"

Nikasikia analia. Sikuwahi kumsikia Dastan analia, hata siku tuliyopewa habari. Nilimwacha alie, kisha nikamwambia kwa sauti ya ofisi, "Simamisha mazishi."

"Nampigia kaka sasa hivi. Na kwenye kundi la ukoo naandika."

"Andika."

"Na wale wenzake wa kisiwani niwaambie? Wamekuwa wananipigia kila siku, wanauliza mazishi lini. Leo wako hapa Bukoba."

"Waambie. Waambie wote, mpaka samaki."

Nilikata simu. Anwari alikuwa ananitazama mdomo wazi. Nilimwambia aniletee maji ya kunywa, na alileta.

Nilikaa kwenye benchi la wateja. Nilitaka kumwona huyo mwenye koti la mvua. Kivuli cha duka la jirani kilivuka barabara taratibu, kikapanda ukuta wa ng'ambo. Simu ikaita. Alikuwa Ta Clavery.

"Mke wetu, umeshinda," alisema. "Dastan ameniambia. Nimekwenda nimefungua kile kitambaa kwenye mgomba." Akavuta pumzi. "Usidhani sijafurahi. Nimefurahi. Ila mama amekataa kuingia ndani. Amekaa nyuma ya jiko, anasema safari hii hataita jina, atangoja tu."

Nilicheka. Mara yangu ya mwisho kucheka ilikuwa hapo, kwenye benchi la studio, chini ya fremu ya marehemu.

Mlango ukasukumwa. Koti la mvua likaingia, na mvua haikuwa inanyesha.

Nilisimama kati yake na mlango, nikamvua ile kofia kwa mkono wangu.

Mayenga.

"Shikamoo, mama," alisema. Alisema kama mtu aliyekanyaga nyoka na hajui akanyage tena wapi.

"Mwanangu yuko wapi?"

Akamtazama Anwari. Anwari ameuza fremu nyingi, anajua sura ya msiba, na aliona kwamba huu haukuwa msiba. Alitoka nje bila kuambiwa.

"Mayenga. Yuko hai?"

"Yuko hai, mama."

Nilikaa kwenye benchi.

"Anakohoa tu," aliendelea kwa sauti ya chini. "Ni baridi ya kulala vichakani. Nilimwambia asisogee Ijumbi, hasikii. Anataka kumwona bibi yake. Akifika nyuma ya jiko anaishiwa nguvu."

"Na wewe ulikuja ukakaa sebuleni kwangu, ukala chakula changu, ukaniambia ulimwona akienda chini."

"Nilisema alivyoniagiza niseme."

"Nani? Nani anamwagiza mtu akamwambie mama yake kwamba amekufa?"

"Yeye, mama." Akapiga goti moja mbele ya benchi, akawa anaongea na viatu vyangu. "Ule mtumbwi haukupinduka. Ulipinduliwa. Kuna watu walikuwa wanamtaka mmoja wa wale waliokufa. Mwesiga alikuwa ameshalipa nauli, akashuka kwenda kujisaidia nyuma ya mawe, akawasikia wanapanga. Wakamwona mgongo wake anakimbilia mtumbwini. Alikuwa anakuja kututoa. Akakuta tumeondoka, akajificha. Wao wanaamini aliuwahi mtumbwi. Wanaamini alizama na alichokisikia."

"Na wewe?"

"Mimi nilisema ni upepo. Ndiyo maana wameniacha natembea."

Nje bodaboda ilipita ikapiga honi. Mayenga akaisikiliza mpaka ilipopotea.

"Mzee Clavery aliponiambia mazishi yamekwama kwa ajili ya picha, nilimpelekea Mwesiga habari. Akatoa pochi. Akasema peleka huyu, huyu alishakufa maji toka siku aliyotoka kwenye mashine ya mama. Nikaja kuikuzia hapa, niipeleke Ijumbi, niseme ni mchango wangu. Tulitaka Jumamosi ifike tu."

"Kwa nini hakwenda polisi?"

"Atakwenda. Anataka kwanza wao waache kumtazamia. Mtu aliyezikwa hatafutwi, mama. Wewe Mhaya unalijua hilo kuliko mimi. Na wao wanalijua, wamekaa na Wahaya miaka. Wanangoja kaburi. Wakiliona wameweka maua, wameondoka. Ndiyo maana kila siku wanapiga simu kwa mzee, wanauliza mazishi lini."



"Akina nani wanapiga simu?"

"Hao hao. Wale wanaojiita wenzake." Akainua macho kwa mara ya kwanza. "Zikeni, mama. Mkizika mgomba, Mwesiga anaishi. Msipouzika watajua, na watamfuata." Kisha akaona uso wangu. "Mama. Kuna mtu umemwambia?"

Nikaanza kutafuta simu kwenye kipochi.

"Mama."

"Nimewaambia wote."

Mayenga hakupiga kelele. Alikaa chini pale pale sakafuni, mgongo ukutani, akaivuta kofia ya koti juu ya kichwa chake.

Nikapiga simu nyumbani. Dastan alipokea kabla haijaita vizuri, na sauti yake ilikuwa ya kijana.

"Mama Mwesiga, ungekuwa hapa. Ungekuwa hapa leo."

"Dastan, nisikilize. Waambie nimekosea. Waambie picha ilikuwa imelowa, nimechanganyikiwa, mimi ni mama tu. Mpigie kaka yako afunge tena kile kitambaa. Tuzike Jumamosi. Tuzike kesho."

"Umechoka, mke wangu. Nakuelewa. Furaha nayo inachosha."

"Dastan."

"Hata wageni hawa nimewaambia, mke wangu kapigwa na furaha atakuja kuzimia njiani."

"Wageni gani?"

"Wenzake wa kisiwani. Nilipowaambia tu, wakaja mbio. Watu wema sana, Mama Mwesiga. Mmoja amepiga magoti hapa sebuleni, akashukuru. Wameapa watamtafuta wao wenyewe, nchi kavu na visiwani, nyumba kwa nyumba. Wanasema wana watu kila mwalo wa mitumbwi. Wameomba picha ya kuwagawia."

"Hakuna picha. Nimezifungia."

"Najua, na ufunguo umeondoka nao. Ndipo nikakumbuka kompyuta." Akashusha sauti, kama mtu anayetoa siri ya zawadi. "Wino mwekundu nilikununulia tangu wiki iliyopita. Niliuficha kabatini. Nilitaka uukute siku utakayocheka tena."

Nyuma ya sauti yake nikaisikia printa yangu. Ilivuta karatasi, ikaitoa, ikavuta nyingine.

"Unaisikia?" alisema Dastan. "Na safari hii rangi imekaa sawasawa. Hata mtu asiyemjua, akikutana naye njiani, atamtambua."